Barua ya wazi kwa wakubwa wa makumbusho: mwenye kofia ana jina, wale wengine je?

Kwa wakubwa wote mnaoshughulika na makumbusho na turathi, nyinyi mlioko Nairobi na nyinyi wa kaunti zetu za huku Pwani, asalaam aleikum na hamjamboni.

Naandika hii barua wazi kwa sababu ile ya kufungwa nishaandika, imeli mbili na moja nikaipeleka kwa mkono mpaka ofisini, nikaambiwa subiri, nikasubiri, mwenye kuniambia nisubiri akahamishwa, aliyekuja baada yake hajui habari yangu. Sasa nasema hapa kila mtu asome. Na sitaitaja hiyo ofisi wala hayo makumbusho maana si mahali pamoja, ukienda kwingi utakuta mambo yale yale.

Iko hivi. Kuna picha imetundikwa ukutani, nyeusi na nyeupe, ya zamani, imepigwa kwenye uchimbaji wa magofu fulani huku kwetu. Watu wanane. Mmoja Mzungu kavaa kofia ya pama, kasimama pembeni ya shimo mkono kiunoni. Wengine saba wako ndani ya shimo, wamefunga vikoi, mmoja kashika karai, wawili wana sururu, mwengine kainama anafagia ukuta na kifagio cha makuti, huyo ukimtazama vizuri utaona kafunga mdomo kwa makini kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Chini ya picha pameandikwa jina la mwenye kofia, na cheo chake, halafu "na vibarua wenyeji". Basi. Saba wote neno moja.

Yule wa kifagio ni babu yangu mzaa mama.

Nilimuuliza kijana wa pale kwa nini hakuna majina, akanambia, tena kwa adabu, mzee hivo ndivyo kapsheni ilivyokuja. Ilivyokuja kutoka wapi? Hajui. Na mie simlaumu, yeye kaajiriwa juzi, kapsheni imeajiriwa kabla hajazaliwa.

Babu hakusoma shule ya kizungu lakini alikuwa na elimu yake ya udongo ambayo mie nimeiona kwa macho yangu. Tulikuwa tukienda shamba akiokota kigae njiani anakigonga na ukucha karibu na sikio. Kikilia ting, kama kikombe cha kahawa, anasema hiki cha China. Kikitoa sauti ya kufa anakigusisha ulimini, kikinata kidogo anasema hiki cha hapa, chungu cha kupikia, na anakigeuza kukuonyesha ule weusi wa masizi. Akiona miti imeota kwa mstari msituni anakwambia chini yake kuna ukuta, na akiona nyasi zimebaki mbichi peke yake kiangazi anakwambia hapo palikuwa na kisima. Alikuwa anajua kaburi gani watu bado wanapeleka ubani na marashi, kwa hivo pale usiweke jembe mpaka wenyewe waambiwe. Haya yote alikuwa anayasema kwa mwenye kofia, na mwenye kofia alikuwa anaandika kwenye daftari. Daftari likawa kitabu. Sisemi mwenye kofia hakufanya kazi, alifanya sana tu, nasema alikuwa na walimu.

Lakini barua hii si ya babu peke yake, babu nimemtanguliza kwa vile ni wangu. Nataka hasa niwazungumzie mtu mmoja ambaye nyinyi wakubwa mnamjua vizuri, au mnafaa kumjua, Sir Mbarak Ali Hinawy.

Vijana wengi ukiwauliza leo hawamjui, pengine wanaijua familia. Huyu alikuwa Liwali wa Mombasa tangu 1937, halafu 1941 akawa Liwali wa Pwani nzima mpaka alipofariki 1959. Liwali maana yake mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar huku bara, maana ule ukanda wa maili kumi kisheria ulikuwa wa Sultani hata wakati Waingereza ndio watawala wenyewe, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus mpaka 1963. Sasa mtu na cheo chake hicho, mashauri ya watu asubuhi mpaka jioni, bado alikuwa anakusanya hati za mkono, mashairi, nasaba, habari za wazee. Na mwaka 1950 akatoa kitabu London juu ya Al-Akida na Fort Jesus, pamoja na nyimbo na mashairi ya wakati huo.

Kwa wasiojua, Al-Akida ni Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, akida aliyekuwa anashika ile ngome kwa niaba ya Sultani, akakosana na Sultani mwenyewe, Sayyid Barghash, akajifungia ndani ya ngome na watu wake, na mwaka 1875 manowari za Kiingereza zikaja kuipiga ngome mizinga mpaka akasalimu amri, akatolewa nchini. Mji mzima uliyaona hayo na mji mzima uliyatungia. Na huo ndio uhodari wa Hinawy, hakuchukua tu barua za makonseli wa Kiingereza, alichukua na yale yaliyoimbwa mitaani, akayaweka kama ushahidi kamili. Leo maprofesa wanaita hiyo njia majina makubwa makubwa, historia simulizi na nini na nini, yeye aliifanya kwa sababu ndivyo watu wa mji huu wanavyoweka kumbukumbu zao, kwenye shairi.

Sasa tazameni miaka, maana hapa ndipo panaponiuma. Ngome ilianza kujengwa na Wareno 1593, hiyo kila mtoto wa shule anaijua. Waingereza wakaigeuza jela 1895. Hinawy kazaliwa 1896. Jela ikafungwa 1958, yeye akafa 1959, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Yaani maisha yake yote, ukitoa ule mwaka wa mwisho, ngome ile aliiona ikiwa jela. Wengine wote wakipita pale wanaona ukuta wa wafungwa, yeye anaona historia, na akaiandika na kuichapisha miaka minane kabla serikali haijatangaza kwamba pale ni mahali pa kuhifadhiwa. Mlango ulipofunguliwa watu waingie na tiketi yeye hayupo tena.

Ile kazi ya kuisafisha na kuitengeneza ngome ilikwenda kwa pesa za Gulbenkian Foundation ya Lisbon, pauni 30,000, na mkuu wa kwanza akawa James Kirkman, ambaye kabla ya hapo alikuwa kwenye magofu ya Gede tangu 1948. Hayo yameandikwa kila mahali na yanastahili kuandikwa. Ninachouliza ni kwa nini habari ya makumbusho ya Pwani siku zote inaanza kwa mzungumzaji wa pili. Mtalii anatembezwa, anaambiwa Wareno, Waomani, Waingereza, halafu akaja mtaalamu akachimba, mwisho duka la vinyago. Yule aliyeandika kabla hapajachimbwa, hapo katikati kapotea.

Najua kuna watakaosema Hinawy alikuwa mtu wa serikali, kapewa na usir na mkoloni, leo tumtukuze kwa lipi. Hoja hiyo ina uzito na mie sitaki mumjengee sanamu. Liwali hakuwa kipenzi cha kila mtu, hasa wenye kesi za ardhi. Lakini Kirkman naye alikuwa mtu wa serikali ya mkoloni na jina lake lipo, kwa hivo hiyo sababu ama iwatoe wote ama iwaache wote.

Na Hinawy hakuwa peke yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, huyu aliyekuwa Kadhi Mkuu, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliandika kwa Kiarabu tarikh ya ukoo wake wa Mazrui waliotawala Mombasa kutoka mle mle ngomeni mpaka 1837. Akafariki 1947. Kitabu kikaja kuchapishwa na tafsiri ya Kiingereza 1995. Hesabuni wenyewe, miaka 48. Watu wamechimba ngome ile, wameandika ripoti, na hati ya mtu ambaye babu zake ndio waliokaa humo ilikuwa ipo inasubiri.

Rudini nyuma zaidi kuna Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, huyu ndiye aliyekaa na padre Taylor wakikusanya mashairi ya Muyaka, yule malenga wa Mombasa, mashairi yaliyojaa vita vya Mombasa na Sultani Sayyid Said. Nenda Lamu kuna Muhamadi Kijuma, mshairi, mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri kiasi kwamba Wazungu watatu wanne walikuwa wanamwagiza awanakilie tenzi. Karatasi za Taylor ziko chuo cha SOAS London, za Hichens, Mwingereza mwengine aliyekusanya tenzi, ziko huko huko, na humo mna mkono wa hawa wazee. Siwalaumu London kwa kuzitunza, afadhali zimetunzwa, huku kwetu mchwa hana adabu. Ila katalogi inaanza na jina la aliyekusanya, na aliyeandika kwa kalamu yake mwenyewe yuko ndani ndani, lazima umtafute na tochi.

Mkanambia sasa, mzee, masimulizi ya wenyeji si ya kuaminika kila wakati. Kweli, si ya kuaminika kila wakati, hata sisi tunajua mtu akisimulia nasaba yake lazima atamweka mfalme mmoja humo. Lakini tazama Kilwa kwa ndugu zetu Tanzania. Habari za masultani wa Kilwa zilikuwa zimeandikwa na watu wa Kilwa wenyewe, Mreno de Barros akazichukua akazitia kwenye kitabu chake 1552, na nakala ya Kiarabu Sayyid Barghash akampa John Kirk, mwakilishi wa Waingereza Zanzibar, mwaka 1872, iko British Library mpaka leo. Ndani yake mna jina la Ali bin al-Hasan. Wachimbaji wakaja kuokota sarafu ndogo ndogo za shaba zenye jina hilo hilo, Kilwa na Mafia, na halafu 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, ikaibuka hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, na Ali bin al-Hasan akiwemo, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Wataalamu walikuwa wanabishana karne ya huyu sultani, sarafu zikawasaidia kupanga, sawa. Lakini nani aliyewaambia kwamba kulikuwa na sultani wa jina hilo wa kubishaniwa? Mwandishi wa Kilwa. Na yeye jina lake halijulikani.

Na kutosikiliza kuna hasara yake. Kirkman huyo huyo mwaka 1964 aliandika kwamba magofu haya ya Pwani si ya Waafrika, ni ya Waarabu na Waajemi waliochanganyika nao. Ilichukua miaka mingi na uchimbaji mwengine, Shanga kule Pate miaka ya themanini, na kazi za wataalamu wetu wenyewe kina George Abungu, Chapurukha Kusimba, Felix Chami upande wa Tanzania, mpaka ikaeleweka kwamba miji hii imeota hapa hapa, chini ya nyumba za mawe kuna nyumba za udongo na vyungu vya wenyeji vinashuka tabaka kwa tabaka. Babu yangu angewaambia. Vile vyungu vya kunata ulimini ndivyo vilikuwa vingi kwenye karai kuliko vya ting, siku zote, ila vya ting ndivyo vilivyokwenda kwenye kabati la kioo.

Niwape kichekesho kidogo. Ukienda Gede, ambayo mwaka 2024 imeingia kwenye orodha ya UNESCO na sote tulifurahi, utakuta nyumba zina majina. Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Kauri. Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe. Majina hayo yalitolewa na wachimbaji kwa kile kilichookotwa humo ndani. Wazo zuri, watoto wanayapenda, mie mwenyewe nikipeleka wageni wa shule ndio nianzapo. Lakini niliposimama pale na darasa la sita mtoto mmoja akaniuliza, mkasi aliuokota nani? Nikabaki kutabasamu. Mkasi una nyumba, aliyeuokota hana hata mstari.

Mtu akisema haiwezekani kujua majina ya zamani, basi namuuliza mbona upande wa mifupa ya watu na wanyama wa kale waliweza. Kamoya Kimeu alianza kama mchimbaji wa kawaida kwa kina Leakey, mwaka 1984 akaona kipande cha fuvu kando ya mto Nariokotome, akatoka yule kijana wa Turkana wa miaka milioni moja na nusu, na leo kuna nyani wa kale amepewa jina lake. Heselon Mukiri naye, aliyemfanyia kazi Louis Leakey tangu zamani sana, jina lake limekwenda kwa nyani mwengine wa kale, aliyeitwa Proconsul heseloni na sasa wanamwita Ekembo heseloni. Kumbe ikitakiwa inawezekana. Huku kwenye vigae na kuta za matumbawe ndio tumelala.

Sasa ninachoomba, na msinielewe vibaya, siombi pesa nyingi. Naomba vibao vibadilishwe. Pale panapoelezwa ngome, Hinawy atajwe, na kitabu chake, na mwaka wake, na viwekwe vipande viwili vitatu vya yale mashairi ya Akida kwa Kiswahili ukutani watu wasome, maana shairi la Kiswahili lililotungwa hatua mia mbili kutoka hapo ni turathi kama mzinga. Sheikh Al-Amin atajwe pale panapozungumzwa Mazrui. Na vibao viwe vya Kiswahili kwanza, si kile kitafsiri cha maandishi madogo ya chini ambacho kinasomeka kama kimetolewa na mashine usiku wa manane.

Halafu hati. Nyingi zishapigwa picha za kompyuta huko London, haziombi kurudishwa kwa meli, zinaomba skrini moja na kiti. Mtoto wa Mji wa Kale aketi aone mkono wa Kijuma, hizo nukta zake na mapambo yake, ajue kwamba mtu wa Lamu aliyekuwa anachonga mlango ndiye aliyekuwa anaandika hivi.

Na la tatu ndilo la haraka kuliko yote, wala halikuhitaji kuwa la tatu. Kila uchimbaji ulikuwa na daftari la mishahara. Kibarua halipwi bila jina, wakati wa mkoloni ndio kabisa, na wengine waliweka dole gumba. Madaftari hayo mengine lazima yako kwenye maboksi yenu huko stoo, na kama mengine yameliwa na mchwa, basi wako wazee wachache wa miaka themanini na tisini ambao walikuwa watoto wakipeleka maji kwenye mashimo yale. Nendeni na simu tu, mkae nao barazani, muwaonyeshe picha moja moja. Mwezi wa pili tumezika mmoja. Alikuwa anamjua kila mtu kwenye ile picha ya watu wanane, nilikuwa nimepanga kumpelekea baada ya Idi.

Na tafadhali msisukumiane. Najua itakuwa huyu anasema hilo ni la taifa, yule anasema hilo ni la kaunti. Katiba ya 2010 Jedwali la Nne liko wazi, majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, makumbusho yamo kwenye kazi za kaunti. Kwa hivo nyote wawili mnahusika, na kibao cha mbao na rangi hakihitaji kamati ya watu kumi na nne.

Majina ninayo mawili kwa hakika, la babu na la rafiki yake mwenye karai, ambaye familia yake iko Kilifi na wameridhia kwa maneno na kwa maandishi. La tatu nina shaka nalo kwa hivo silileti. Nimeyaandika kwenye karatasi pamoja na picha ya babu ya kitambulisho ili mlinganishe sura, ile pua haina mwengine. Jumatatu asubuhi nakuja nayo kwenye ile ofisi niliyoambiwa nisubiri. Nitakuwa nimevaa kanzu ya kahawia. Naomba mtu wa mapokezi aambiwe mapema, asije akanipa tena ile fomu ya wageni pale panapouliza nia ya ziara nikajaza kwa mara ya nne.